Meli za Santa Isabel, 1942: mashahidi wanne na kauli nne

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Tanga, baharia mstaafu, amesoma habari za meli tatu, moja ya Italia na mbili za Ujerumani, zilizochukuliwa na Waingereza Januari 1942 katika bandari ya Fernando Po, kisiwa cha Hispania, nchi ambayo haikuwa vitani. Anasema maelezo yanagongana. Tamko la Uingereza la wakati ule lilikana kwamba meli yoyote yao ilikuwa karibu. Redio ya Ujerumani ilisema manowari iliingia bandarini. Mjini watu walidhani wanashambuliwa na ndege. Na leo Waingereza wenyewe wanasimulia kwa fahari kwamba waliingia na matagi mawili, yaani meli ndogo za kukokotea nyingine. Anauliza: amwamini nani? Na kama wenye meli wangekwenda mahakamani, ushahidi huo ungewarudishia mali yao?

Jibu:

Shikamoo mzee wangu. Swali la pili ndilo gumu, lakini haliguswi kabla ya kumaliza la kwanza. Meli zile zilichukuliwa bandarini, usiku wa tarehe 14 Januari 1942, zikiwa zimetia nanga ndani ya maji ya Hispania, na waliozichukua walikuwa Waingereza. Juu ya hilo hakuna ubishi tena. Ila kati ya mashahidi uliowataja, ambaye naweza kusimama nikasema alidanganya kwa makusudi ni mmoja tu, naye ndiye aliyeandika kwa utulivu kuliko wote: mwandishi wa tamko la Wizara ya Jeshi la Majini la Uingereza. Watu wa mjini waliosema wamesikia ndege walikosea, lakini hawakusema uongo.

Tuanze na mahali. Fernando Po ndiyo Bioko ya leo, na Santa Isabel ndiyo Malabo. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, meli ya mizigo Duchessa d'Aosta, yenye zaidi ya tani 7,000, ilijificha pale pamoja na shehena yake: sufu, ngozi, kopra, kahawa, shaba na vinginevyo. Nahodha aliwapa wakuu wa bandari hati ya shehena lakini akakataa kutoa ukurasa wa kwanza. Wewe uliyefanya kazi melini unajua mtu akificha ukurasa wa kwanza watu watasema nini, na Waingereza walisema: kuna silaha. Karibu nayo lilikuwepo tagi la Kijerumani, Likomba, na chombo kidogo zaidi, Bibundi. Majina yote mawili ni ya sehemu za Kameruni, ng'ambo ya mkondo.

Hispania ilikuwa upande gani? Septemba 1939 ilitangaza haina upande. Juni 1940 mtawala wake, Franco, akabadilisha maneno, akasema nchi yake ni «isiyopigana», msimamo ambao sheria ya kimataifa haikuwa na sanduku la kuuweka. Nyambizi za Ujerumani zilijaziwa mafuta kwa siri Vigo, Cádiz na Las Palmas. Kwa hiyo Waingereza walipoitazama Santa Isabel hawakuona bandari ya mtu aliyekaa pembeni, bali bandari ya rafiki wa adui. Lakini kisiwa chenyewe kiliishi kwa pande zote mbili. Mashamba yake ya kakao yalitegemea vibarua kutoka Nigeria, koloni la Uingereza, na Desemba ya mwaka huohuo wa 1942 London na Madrid zilitia sahihi mkataba wa kupeleka vibarua hao. Uingereza ilikuwa na ubalozi mdogo pale pale mjini, na kampuni ya biashara ya Kiingereza, John Holt, ilifanya kazi kisiwani. Ukisoma maelezo ya shahidi yeyote wa Santa Isabel, kumbuka ni mji mdogo ambamo maadui walipishana barabarani kila siku na kufahamiana kwa sura.

Tukio lenyewe halikuchukua hata saa nzima. Kikosi kidogo cha idara ya siri ya Uingereza, kikiongozwa na Kapteni Gus March-Phillipps, kilitoka Lagos tarehe 11 Januari na matagi mawili ya Nigeria, Vulcan na Nuneaton. Walikuwa watu wapatao thelathini na wawili: makomando, maofisa wa siri, na wengine waliojitolea Nigeria. Jenerali Giffard, mkuu wa majeshi ya Uingereza Afrika Magharibi, hakuutaka mpango huo, na alikataa kutoa askari wake. Mjini, wakala wao Richard Lippett, aliyekuwa akijulikana kama mfanyakazi wa John Holt, alihakikisha kwamba usiku ule maofisa kumi na wawili wa Italia na wawili wa Likomba wako mezani kwa chakula cha jioni na si melini. Vulcan likaiendea Duchessa, Nuneaton likaviendea vyombo viwili vya Kijerumani. Minyororo ya nanga ikakatwa kwa baruti. Nusu saa na ushei baada ya kuingia, meli zilikuwa zinakokotwa kutoka nje. Hakuna aliyeuawa, upande wowote.

Sasa mashahidi.

Wa kwanza ni watu wa mji. Taa za Santa Isabel zilikuwa zikizimwa usiku, na uvamizi ulipangwa kufuata giza hilo. Mtu aliyekuwa kitandani au barazani alisikia milipuko kadhaa mikubwa kutoka majini, bila kuona chochote. Mwaka 1942, mlipuko mkubwa usiku ulikuwa na maana moja kichwani mwa kila mtu: bomu la ndege. Wapiga mizinga wa kisiwa wenyewe walifyatua risasi angani. Kwa hiyo ukimsoma shahidi wa mjini, chukua alichosikia, yaani idadi ya vishindo na mpangilio wake, uache maelezo yake ya kilichosababisha. Vishindo vyake vinalingana na minyororo iliyokatwa. Jambo jingine dogo linalowachanganya wasomaji: saa za Lagos na saa za Santa Isabel hazikuwa sawa. Mvamizi aliandika kwa saa ya Lagos, mtu wa mjini kwa saa ya mjini, na ukiweka karatasi hizo mbili pamoja utadhani mmoja wao anadanganya.

Wa pili ni nahodha wa Likomba, Specht. Huyu ninampenda kuliko wote, kwa maana ya ushahidi. Alipogundua chombo chake hakipo, usiku uleule, akiwa amekunywa, alikwenda moja kwa moja ubalozi mdogo wa Uingereza akitaka kujua meli yake iko wapi. Ugomvi ukazuka, ngumi zikapigwa, mwisho polisi wakamchukua. Ulevi wake unawafanya waandishi wengi wamtaje kama kichekesho tu. Mimi naona kinyume. Hapo hakuna aliyekuwa amepata muda wa kupanga hadithi. Berlin haijatangaza, London haijakana, na mtu aliyeishi bandarini mwaka mzima na zaidi, anayewajua watu wote wa mji ule, anakwenda kwenye mlango mmoja tu. Maneno yanayotoka mdomoni kabla ya mtu kujua yatatumikaje yana uzito ambao ripoti ya wiki moja baadaye haina. Bila shaka hayathibitishi kitu mahakamani, kwa sababu Specht hakuona lolote, alikisia tu. Lakini yanamwonyesha mpelelezi pa kuanzia kuchimba.

Wa tatu ni redio ya Ujerumani. Ilizungumza upesi, ikazidisha: manowari, mauaji ya mabaharia. Habari zake zilitoka Santa Isabel kwa watu waliosikia walichosikia watu wa mjini. Ni ushahidi wa kuambiwa uliopitia mikono ya wapropaganda. Kiini chake kilikuwa kweli, yaani Waingereza wameingia katika bandari ya Hispania na kuchukua meli, na nyama yote juu ya kiini hicho ilikuwa ya kubandika. Hasara ya kutia chumvi ni hii: ukimshitaki mtu kwa mambo matano na matatu ni ya uongo, anakanusha hayo matatu kwa sauti kubwa na watu wanasahau mawili yaliyobaki.

Ndivyo ilivyokuwa. Tamko la London lilisema kwamba kutokana na madai ya Wajerumani inabidi kueleza kuwa hakuna meli ya Uingereza wala ya washirika wake iliyokuwa karibu na mahali pale. Kisha likaongeza, kwa upole kabisa, kwamba baada ya kusikia habari hizo za redio, mkuu wa jeshi la majini wa eneo lile alituma doria. Kwamba imeonekana meli kubwa isiyotambulika. Na kwamba meli za kivita zinaelekea huko kuchunguza. Yaani Wajerumani wenyewe, kwa kulalamika, ndio waliowaonyesha Waingereza mahali pa kupata ngawira!

Mzee wangu, lisome tamko hilo kama baharia. Duchessa ililala bandarini tangu katikati ya 1940, injini baridi. Meli ya namna hiyo haijikokoti yenyewe ikafika bahari kuu usiku mmoja, wala minyororo ya nanga haijikati. Nani aliileta huko nje? Tamko halisemi, na pengo hilo ndilo ushahidi. Ukitaka kuujua uongo uliotungwa vizuri, usiangalie wanachokisema. Tafuta swali ambalo mtu yeyote wa bandarini angeuliza kwanza, uone kama wamelikwepa.

Na tamko hilo halikutungwa baada ya tukio. Hadithi ilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Korveti (manowari ndogo) ya Uingereza, HMS Violet, ilipangiwa kukutana na matagi baharini na «kuikamata» Duchessa huko, ili katika maandishi meli iwe imetekwa na manowari katika bahari kuu, jambo halali kwa nchi iliyo vitani. Bahati mbaya Violet ilipanda fungu la matope njiani ikachelewa, na mateka wakabaki siku kadhaa wakielea wakimngoja mtekaji wao. Hatimaye walionana, mambo yakaandikwa kama ilivyotakiwa, na Duchessa ikafikishwa Lagos. Kwa hiyo batli ya Violet, yaani daftari la safari yake, ukiipata, inaweza kuwa sahihi kila mstari: saa kadha, latitudo kadha, meli ya Italia imekutwa, imekamatwa. Hakuna neno la uongo pale, na bado ukurasa mzima umeandikwa ili kumdanganya jaji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema shahidi mwenye maandishi ana nguvu kuliko mwenye kumbukumbu. Katika kesi za meli zilizotekwa kwenye bandari ya nchi isiyo vitani, jambo linalobishaniwa karibu kila mara si nani alichukua wala nini kilichukuliwa. Ni wapi. Maili moja huku ni halali, maili moja kule ni haramu. Na kila anayeandika mahali anajua, wakati anaandika, nini kinategemea namba hiyo.

Tunao mfano wa upande wetu wa bahari. Tarehe 15 Novemba 1939 meli ndogo ya mafuta, Africa Shell, mali ya kampuni ya mafuta iliyohudumu pwani ya Afrika Mashariki, ilisimamishwa na manowari ya Ujerumani Graf Spee karibu na pwani ya Msumbiji, iliyokuwa ya Ureno, nchi isiyo vitani. Nahodha wake, Patrick Dove, alisema hapo hapo mbele ya Wajerumani kwamba yuko ndani ya maili tatu, maji ya Ureno, na kwamba kukamatwa kwake ni haramu. Nahodha Langsdorff wa Graf Spee akashikilia kwamba yuko nje. Meli ikazamishwa, mabaharia wakaachwa waende ufukweni kwa mashua, Dove akachukuliwa mateka. Tazama ilivyo: wanamaji wawili hodari, ramani mezani, pwani inaonekana kwa macho, na hawakubaliani walipo. Kila mmoja ana sababu ya kusoma vipimo kwa namna yake. Kitu pekee ambacho kingeweza kuamua, meli yenyewe, kilikuwa chini ya maji. Mabaharia wake walifika ufukweni kwa mashua zao, na muda waliotumia ungemsaidia mpelelezi kukadiria umbali. Ushahidi wa namna hiyo, wa mtu aliyevuta kasia, una faida kwamba mvuta kasia hajui unapimia nini.

Graf Spee hiyohiyo ilikuwa na meli ya kuihudumia, Altmark, iliyobeba mabaharia wa Kiingereza waliotekwa. Februari 1940 ilipita katika maji ya Norwei, nchi isiyo vitani. Wanorwei waliipanda kuikagua, hawakupekua mashimo ya shehena, wakaiacha iendelee. Usiku wa tarehe 16 Waingereza wakaingia kwenye fiodi ya Jøssing wakawatoa watu 299. Wanorwei walipolalamika, jibu la London lilikuwa kwamba walishindwa kuilinda hali yao ya kutokuwa na upande. Hoja hiyo ndiyo iliyokuwa vichwani mwa waliopanga Santa Isabel miaka miwili baadaye, ingawa Santa Isabel hapakuwa na mateka wa kuokoa. Kulikuwa na shehena. Mimi naiona tofauti hiyo kuwa kubwa, na nadhani hata wao waliiona, ndiyo maana safari hii hawakujitetea kwa hoja, walikana.

Tuje kwa mashahidi ambao hukuwataja, nao ndio waliokuwepo.

Mabaharia wa Duchessa waliokuwa melini walitekwa pamoja na meli, kama watu ishirini na tisa pamoja na mhudumu mmoja wa kike. Hawa waliona kila kitu: nani alipanda, kutoka tagi gani, nanga ilikuwa bado ardhini au la. Neno moja la mmoja wao mbele ya balozi wa Hispania lingetosha kuliua tamko zima la London. Basi wakapelekwa Nigeria wakawekwa kizuizini, mbali na masikio ya watu. Katika mambo yote ya kisa hiki, hilo ndilo linaloniambia kwamba Waingereza wenyewe walijua ushahidi wa nani una thamani. Mtu hafichwi kama maneno yake hayana uzito.

Lippett, wakala, alibaki kisiwani na akahojiwa na polisi wa Hispania siku chache baadaye. Hakupatikana na hatia, na baadaye akatoroka kisiwa kwa mtumbwi. Maelezo aliyowapa polisi ni ya mtu aliyejiandaa. Maelezo aliyowapa wakuu wake baadaye ni ya mtu anayetaka kazi yake ionekane. Yote mawili yana faida ukiyasoma pamoja, lakini usiyasome moja moja.

Wavamizi wenyewe waliandika ripoti. Leo ziko katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, Kew, zilikofunguliwa baada ya miongo kadhaa. Ni ripoti nzuri, zina mambo ya kina, na zote ziliandikwa kwa ajili ya wakubwa ambao walikuwa bado wanapima kama kikosi kile kiendelee kuwepo. Hakuna aliyewahi kuwauliza maswali magumu baadaye, kwa sababu hawakuwepo. March-Phillipps aliuawa pwani ya Normandy Septemba 1942. Appleyard alipotea na ndege Julai 1943. Mwezi huohuo Graham Hayes alipigwa risasi na Wajerumani katika gereza la Fresnes. Anders Lassen, Mdenmaki, aliuawa Italia Aprili 1945. Hakuna kati ya hao wanne aliyeishi hadi Mei 1945. Kwa hiyo tunachoita ushuhuda wa wavamizi ni karatasi ambazo hazikuhojiwa upande wa pili, pamoja na kumbukumbu za waliobaki, zilizosimuliwa wakati hadithi ilikuwa imeshakuwa ya kishujaa.

Na kuna watu wa matagi. Vulcan na Nuneaton yalikuwa matagi ya kazi ya Nigeria, na matagi ya Nigeria wakati huo yaliendeshwa kwa mikono ya Waafrika chini kwenye injini. Watu wa injini hawaoni mengi ya juu, lakini wanajua walipewa amri ya kuongeza mvuke saa ngapi na kwa muda gani. Ningefurahi kuuona mstari mmoja tu wa maelezo yao kuliko kurasa kumi za maofisa.

Sasa swali lako la pili, la mahakama.

Sheria yenyewe haina utata. Mkataba wa 13 wa The Hague wa 1907 unasema tendo lolote la kivita, pamoja na kuteka meli, ndani ya maji ya nchi isiyo vitani ni ukiukaji na ni marufuku. Unaendelea kusema kwamba meli ikitekwa humo na bado iko mikononi mwa nchi hiyo, nchi hiyo iiachilie na iwazuie watekaji; ikiwa imeshaondolewa, serikali ya mtekaji lazima iirudishe nchi hiyo ikidai. Uingereza ilitia sahihi mkataba huo bila kuuthibitisha, lakini kanuni ni ya zamani kuliko mkataba, na mahakama zake za ngawira, zinazoamua kesi za meli zilizotekwa, zilikuwa zimeshaitumia dhidi ya wanamaji wake wenyewe. Mwaka 1800 Sir William Scott aliamuru meli katika kesi ya Twee Gebroeders zirudishwe, kwa sababu tu mashua za watekaji zilitumwa kutoka manowari iliyokuwa imetia nanga katika maji ya Prussia. Utekaji wenyewe ulifanyika mbali kidogo na hapo. Mwaka 1918 Waingereza waliiteka meli ya mizigo ya Kijerumani Düsseldorf ndani ya maji ya Norwei, Norwei ikadai, mahakama ikairudisha.

Nikupe na jambo la utaratibu ambalo litakupendeza kama mtu wa bahari. Katika mahakama za ngawira za zamani, wa kwanza kuhojiwa hawakuwa watekaji. Walikuwa watu wa meli iliyotekwa: nahodha, msaidizi wake, na baharia mmoja au wawili, kwa orodha ya maswali yaliyoandikwa kabla na yasiyobadilika. Ulitekwa wapi, siku gani, chini ya bendera gani, karatasi gani zilitupwa baharini. Walihojiwa mapema, kabla hawajaonana na wakili. Karatasi za meli ziliwekwa mezani, na kama hayo mawili yalitosha, mtekaji hakuongezewa nafasi ya kuleta ushahidi wake. Utaratibu huo uliachwa vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, na mimi nasikitika kidogo, kwa sababu waliouweka walielewa kitu: anayefaidika na mahali asiwe wa kwanza kutaja mahali. Kama mabaharia wa Duchessa wangehojiwa namna hiyo Lagos wiki ile, kesi ingeisha kwa swali la kwanza.

Ingeisha, ndiyo, lakini bado wenye meli wasingeshinda. Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Haki inayovunjwa meli inapotekwa katika bandari ya nchi isiyo vitani si ya mwenye meli. Ni ya nchi ile. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo waziwazi mwaka 1818 katika kesi ya The Anne, meli ya Kiingereza iliyotekwa na Wamarekani karibu na pwani ya Santo Domingo, iliyokuwa ya Hispania. Adui aliyetekwa hawezi kujitetea kwa kusema «nilikuwa katika maji ya mtu mwingine». Ni huyo mtu mwingine peke yake anayeweza kuja kulalamika. Na katika kesi hiyo balozi mdogo wa Hispania alijaribu kudai, jaji Story akamwambia kwamba balozi mdogo hana mamlaka ya kutosha bila kutumwa na serikali yake. Mambo ya ukuu wa nchi, asije karani.

Kwa hiyo yote yalitegemea Madrid. Madrid ililalamika: waziri wa mambo ya nje, Serrano Suñer, alilitaja tukio kuwa shambulio lisilovumilika dhidi ya mamlaka ya Hispania. London ikakana kuhusika. Na Hispania haikulisukuma hadi mwisho. Linganisha na Brazili mwaka 1864. Manowari ya waasi wa kusini mwa Marekani, Florida, ilitekwa na manowari ya serikali ya Marekani ndani ya bandari ya Bahia. Haikuwa meli ya biashara, lakini kanuni ni ileile. Brazili ilidai na kudai tena mpaka nahodha mtekaji akafikishwa mahakama ya kijeshi, na mwishowe bendera ya Brazili ikapigiwa mizinga ya heshima mle mle Bahia. Meli yenyewe haikurudi, maana ilikuwa imezama Virginia baada ya kugongwa na chombo kingine, ajali ambayo watu wengi hawakuiamini wakati ule na mimi siiamini sana leo.

Usije ukadhani Santa Isabel ilikuwa pekee. Machi 1943, Waingereza wa kujitolea kutoka Calcutta, wengi wao watu wa makamo, waliivamia meli ya Kijerumani Ehrenfels katika bandari ya Mormugao, Goa, iliyokuwa ya Ureno. Mabaharia wa Ehrenfels wakaizamisha wenyewe, na wa meli nyingine mbili za Kijerumani na moja ya Italia wakafanya vivyo hivyo. Kwa miaka mingi kilichosemwa ni kwamba mabaharia waliziunguza meli zao wenyewe, na wakuu wa Goa waliwashitaki mabaharia kwa hilo. Ilikuwa kweli. Kilichokosekana ni nani alikuwa amepanda Ehrenfels dakika chache kabla, na wavamizi walinyamaza mpaka miaka ya 1970.

Kama nia yako ni kusoma zaidi juu ya Santa Isabel, soma ripoti za Kew ukiwa na ramani ya bandari pembeni, na kila zinapotaja saa, andika kwanza kama ni ya Lagos au ya kisiwani. Kuhusu mali, hakuna aliyeipata. Italia ilisalimu amri Septemba 1943, na mwezi uliofuata Franco akarudi kwenye msimamo wa kutokuwa na upande wowote, akiwa hana hamu tena ya kufufua ugomvi wa meli tatu. Wakati huo Duchessa d'Aosta ilikuwa imeshapelekwa Uingereza, imepewa jina la Empire Yukon, na ilikuwa inabeba mizigo ya Washirika.